Kabati Lililopiga Chafya

Kwa kuwa Katibu wa kikundi chetu cha usafi ameshasambaza simulizi yake ya yaliyonikuta nikivizia watupa taka, tena kwa ujumbe wa sauti na kwa madoido, na mpaka shangazi yangu kanipigia kuuliza kama ni kweli siku hizi nalala jalalani, acheni na mimi nitoe ya kwangu. Kwanza, sikulia. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi la saruji. Pili, sikufukuzwa nyumbani. Tatu, ule mlio mwembamba unaosikika mwishoni mwa ile video mnayotumiana ni wa bawaba. Narudia: bawaba.

Haya.

Lile eneo la wazi mnalijua, na vita yangu nalo mnaijua. Tunasafisha Jumamosi, tukipita Jumatatu tunakuta salfeti za kifusi, matairi, na choo cha kukaa kimewekwa wima katikati ya majani, kinatutazama. Bango tumeweka. Taa tumeomba. Mimi, mwenyekiti wa kikundi, nimehutubia mpaka koo limekauka: kwamba mwaka 2008 huko Estonia watu wapatao 50,000 walitoka siku moja wakaondoa zaidi ya tani 10,000 za taka zilizotupwa kiholela, kwamba mwaka 1990 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walionyesha kwa majaribio kuwa mtu akikuta pameshachafuliwa, naye hutupa kwa wepesi kuliko akikuta pasafi. Ndiyo maana nasema salfeti moja ya usiku huita nyingine. Anayeanza lazima ajulikane. Ni nani, saa ngapi, kwa gari gani.

(Kama umechoka na Estonia, vumilia. Itarudi, tena vibaya.)

Basi tukapanga kuvizia usiku wa kuamkia usafi. Katibu angejibanza kwenye kona ya ukuta na tochi. Mimi ningekuwa ndani ya kabati. Nani alipendekeza kabati? Katibu anasema ni mimi. Katibu anasema mengi.

Lilikuwa kabati la zamani la mbao ngumu, milango miwili, komeo la chuma kwa nje, limetupwa likalala chali. Hesabu ilikuwa nyepesi: najilaza ndani, nainua mlango kidogo, natoa simu, napiga picha namba za gari, wakiondoka nami naondoka. Maana kanuni nimewafundisha wengi wenu: usiwakabili, andika namba na saa, na walichokitupa usikiguse kwa mikono mitupu kwa sababu humo mna sindano, vioo na makopo ya dawa usizozijua. Kanuni haisemi lolote kuhusu kujilaza ndani ya walichokitupa.

Nikaingia. Nikagundua kabati lina mpangaji. Sikumwona, nilimsikia tu akikwangua upande wa miguuni. Nikakunja miguu, yeye akanyamaza, tukawa tumegawana nyumba.

Sijui nilikaa humo muda gani. Najua ganzi ilianzia kisigino ikafika kiunoni. Mara nikasikia gari linarudi nyuma polepole, taa zimezimwa. Pikapu. Watu wawili wakashuka.

“Mbona pana bango?”

“Limeandikwaje?”

“Usitupe taka hapa.”

“Si ndiyo hapahapa sasa. Bila bango tungepajuaje?”

Wenzangu, lile bango nililipaka rangi mwenyewe. Herufi za kivuli!

Nikameza uchungu, nikainua mlango. Namba ya gari ilikuwa mbele ya pua yangu, kila tarakimu inasomeka. Nikanyoosha simu, nikabonyeza. Mwanga ukalipuka. Usoni kwangu. Kamera ilikuwa imegeuzwa, kwa hiyo ushahidi pekee uliopatikana usiku ule ni picha safi kabisa ya mtu aliyetoa macho akiwa ndani ya kabati. Namba? Nilizisoma, ndiyo, na ule mwanga ukanitoa zote kichwani.

“Umeona?”

“Radi hiyo. Tupa twende.”

Wakatupa. Kilichotangulia ni sofa la watu watatu, na lilitua juu ya mlango niliokuwa nimeushikilia. Simu ikachomoka ikaangukia nje. Mlango ukajibamiza, na lile komeo bovu, ambalo hata ningelipwa nisingeweza kulifunga, likaingia mahali pake taratibu, klik. Baada ya sofa likaja godoro, kisha salfeti ambazo sikuona haja ya kuzihesabu. Gari likaondoka.

Nikaita Katibu. Nikaita tena, safari hii kwa jina lake la utotoni. Kimya. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba Katibu aliondoka kwenye zamu mapema sana “kufuata sweta”, na sweta likamshinda nguvu kitandani. Hii sehemu kwenye sauti yake haipo. Sikilizeni tena, haipo.

Hewa ilikuwepo, msiwe na hofu. Mahali palipokuwa na kitasa palibaki tundu. Nikaweka pua hapo nikaanza kutafakari sheria. Marekani mwaka 1956 walipitisha sheria kwamba friji zote lazima ziweze kufunguliwa kutoka ndani, baada ya watoto wengi kunaswa na kufia kwenye friji zilizotelekezwa. Sheria nzuri mno. Nilijaribu kukumbuka kama kuna mtu popote duniani aliyewahi kufikiria makabati.

Alfajiri ikaingia kwa lile tundu. Kisha nikasikia toroli, reki, kicheko. Kikundi changu! Nikavuta pumzi ya kupiga ukelele, na papo hapo nikasikia Katibu anamkaribisha mgeni rasmi. Yule afisa wa mazingira niliyemsumbua kwa barua mpaka akakubali kuja. Pumzi nikairudisha polepole.

“Na mwenyekiti yuko wapi?” mgeni akauliza.

“Atakuwa bado amelala,” akasema Katibu. “Yeye kazi yake ni Estonia. Koleo ni letu.”

Wakacheka. Wengi. Nilitambua vicheko vya watu ambao niliwagawia glavu kwa mkono wangu. Mama mmoja akanitetea, Mungu ambariki: “Msimseme mwenyewe hayupo. Anajituma yule.” Akanyamaza kidogo. “Ila anapenda kamera.”

Hapo nikafanya uamuzi. Nitasubiri waende kupiga picha ya pamoja pale kwenye bango, nitoke kimyakimya, nizunguke ukuta, nitokee upande wa pili nikiwa na reki. Uamuzi wa mtu mwenye akili timamu ambaye amesahau kwamba komeo liko nje.

Wakaanza na salfeti. Godoro likaondoka. Sofa likaondoka, na mwanga ukaingia kwenye nyufa zote. Nikajibana.

“Hili kabati tulivunje?”

“Mbao ngumu hii. Liende lilivyo, huko litapata fundi. Haya vijana! Moja, mbili…”

Sasa sehemu hii niacheni niiseme polepole, maana kwenye video mmeiona kwa nje tu.

Lilipoinuka, aliyeshika upande wa miguu alikuwa mrefu kuliko wa kichwani. Nikateleza. Kichwa kikagonga ubao wa mwisho, miguu ikapanda juu, na yule mpangaji, ambaye usiku kucha tulikuwa tumeheshimiana, akashuka pamoja nami akatua kifuani. Tukatazamana. Panya mzima, wa makamo, masharubu yanamtetema. Sikupumua. Naye hakupumua.

“Mbona uzito wake unahama?”

“Limenywa mvua.”

Wakaliweka mabegani. Wakaanza kutembea. Na kwa vile lilikuwa refu, limebebwa mabegani na watu waliojipanga huku na huku, lilifanana na jeneza kiasi kwamba kupitia tundu la kitasa nilimwona mzee mmoja mpita njia akisimama na kuvua kofia. Nilitaka kumwambia asante. Wabebaji nao wakaanzisha wimbo wa kazi, na kila hatua ya wimbo vumbi la saruji lilidondoka kutoka kwenye nyufa, chembe moja moja, nikiliona linavyokuja kwenye mwanga, linashuka bila haraka, linaelekea puani kwangu.

Nikabana pua kwa kuinua mdomo wa juu. Nikawaza mambo ya huzuni. Nikawaza Estonia. Panya akapanda shingoni, akazungusha mkia chini ya tundu la kushoto la pua, na hapo mimi nikakata tamaa ya uongozi.

Sijawahi kupiga chafya ile maishani. Ilitoka na miaka yote. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Kimya.

Sauti ya kijana mmoja, ndogo mno: “Kabati limepiga chafya.”

Bado nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Wangeweza kusema ni mbao, ni upepo. Lakini malezi yana nguvu. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya mikutano: “Samahani, wenzangu. Mnaweza kulishusha taratibu?”

Taratibu haikuwepo. Mabega yote yaliondoka kwa pamoja. Kabati likatua kwa kona, komeo likaruka, mlango ukafunguka (bawaba ikalia, mmesikia, BAWABA), nikabiringika mara mbili tatu hadi kwenye buti safi za mgeni rasmi. Panya alinitangulia, akapita katikati ya watu bila kukimbia, na wakampisha. Mimi hakuna aliyenipisha. Simu zote zilikuwa juu, kwa sababu ni mimi niliyewaagiza, kwa maandishi, kwamba kila kitu kipigwe picha kabla ya kuondolewa.

Mgeni rasmi akanitazama. Nywele nyeupe kwa saruji, utando wa buibui sikioni, soksi moja. Akamgeukia Katibu akauliza bila hata kutabasamu:

“Na hiki kinaenda kwenye gari lipi, la mbao au la mchanganyiko?”

Mengine ni mafupi. Nikaoga. Msumari ulikuwa umenichana mkono, nikachomwa sindano ya pepopunda, na muuguzi alipouliza nimeumiaje nikasema samani. Wa kwanza kuituma video ni yuleyule mama aliyenitetea. Simu ilipatikana kwenye majani, nzima, na ile picha yangu ya gizani sasa watu wameifanya stika. Msiniulize mnaipata wapi.

Ila kuna jambo moja Katibu hakuwagusia, na wengi mmeniuliza: wenye pikapu walijulikana? Pikapu bado. Sofa ndiyo. Tulipochunguza mzigo, maana humo ndimo mnamokuwa na risiti na bahasha zenye majina, tulikuta bahasha chini ya mto. Jina sitalitaja, kesi iko kwenye kamati. Mwenyewe anajitetea kwamba alimlipa mtu apeleke dampo na hakuuliza dampo gani. Nasema tu kwamba sofa lina kiraka cha bluu mkono wa kulia, na kwamba mikutano yote ya kikundi mwaka huu nimekaa juu ya kiraka hicho, sebuleni kwa mtu fulani mwenye sauti nzuri ya kusimulia na sweta zito.

Kura imeshapigwa. Zamu ya kuvizia wiki ijayo ni ya Katibu, peke yake. Asiwe na wasiwasi wa kujificha: kuna friji lililotupwa palepale, bado lipo, na mlango nimeshaung’oa mimi mwenyewe.