Lita Moja Kilomita Ngapi? Pikapu ya Haibridi Haina Jibu Moja

Mpwa wangu alinipigia simu akiwa katika pilikapilika za kununua gari. Swali lake la kwanza ni lile ambalo hakuna asiyeliuliza: "Mjomba, hiyo pikapu yako ya haibridi, lita moja inakwenda kilomita ngapi?" Nikamuuliza: wewe unakwenda wapi, kwa spidi gani, na umepakia nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mimi nataka namba tu."

Namba ninazo, tena nyingi. Pikapu yangu ni ya haibridi: injini ya petroli na mota ya umeme zinasaidiana. Tangu siku ya kwanza nimeweka daftari kwenye droo ya dashibodi. Kila nikijaza mafuta nafanya vilevile: kituo kilekile, pampu ileile nikiweza, na ikikata yenyewe mara ya kwanza naacha hapo hapo. Simruhusu mhudumu aongeze kidogo ili hesabu ifunge vizuri. Naandika kilomita nilizotembea tangu nijaze mara ya mwisho, naandika lita zilizoingia, kisha nagawanya.

Kuna ukurasa mmoja wenye mistari miwili inayofuatana ambao huwa naufungua mtu akinibishia. Wa juu: kilomita 611, lita 38.6. Hapo lita moja imekwenda kilomita 15.8. Wa chini: kilomita 402, lita 34.4. Hapo ni 11.7. Gari lile lile, dereva yule yule, tairi zimejazwa upepo ule ule. Mstari wa juu ni wiki mbili za foleni, taa za barabarani na kupeleka watu huku na kule, nyuma kukiwa kutupu. Wa chini ni barabara kuu, mshale umeganda kwenye 120, na nyuma nimesimamisha kabati la nguo lililozidi paa kwa kimo. Sasa mpwa wangu nimpe namba ipi?

Ukikaa na mistari hiyo miwili utagundua kwamba pikapu ya haibridi imepindua kanuni tuliyokua nayo. Tulizoea kusema gari linakula sana mjini, likitoka nje ya mji linapumua. Hii yangu inabana mjini, na ikitoka nje inaanza kula. Sababu iko kwenye breki.

Gari la kawaida ukikanyaga breki, mwendo wote ulioulipia kwa petroli unageuka joto kwenye diski na kupotelea hewani. Haibridi kamili, yaani ile inayoweza kutembea kwa umeme peke yake, kabla pedi hazijashika, huigeuza mota ya umeme kuwa jenereta na kuirudisha sehemu ya mwendo ule kwenye betri. Nilipiga hesabu ya kusimama mara moja tu. Pikapu ya kilo 1,700 ikiwa kwenye spidi 50 ina nishati ya mwendo kama uniti 0.045 za umeme, uniti hizi hizi tunazosoma kwenye mita ya nyumbani. Tuseme theluthi mbili inaokolewa. Lita moja ya petroli ina karibu uniti 9, lakini injini nzuri huifikishia gari kama theluthi moja tu. Ukigawanya, kila unaposimama kwenye taa umerudishiwa takriban vijiko viwili vya chai vya petroli. Ni kidogo sana, mpaka uhesabu umesimama mara ngapi. Mara mia moja ni karibu lita nzima, na kwenye foleni mia moja haichukui siku nyingi. Juu ya hapo, wakati umesimama injini imezimika kabisa, na ukisogea mita tano tano unasogea kwa umeme.

Barabara kuu haina hicho cha kurudisha. Humo hushiki breki, unapambana na hewa, na hewa haimrudishii mtu kitu. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa spidi: kutoka 90 hadi 120, nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma inakuwa karibu mara 1.8. Pikapu nayo ina uso mpana, imenyanyuka, na nyuma ya kabini kuna shimo. (Wapo wanaoshusha mlango wa bodi wakidhani hewa itapita kwa urahisi. Uacheni umefungwa. Ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kuwa kama mto wa kulalia, na ile inayotoka juu ya paa huteleza juu yake. Ukishusha mara nyingi hupati faida yoyote.) Lile kabati langu lilichomoza juu ya paa kama tanga. Uzito wake ulikuwa jambo dogo. Kilichokunywa petroli ni kimo chake.

Ndiyo maana nasema kibandiko cha kiwandani, kile kinachotaja ulaji wa mafuta kwenye gari jipya, hakisemi uongo. Sisi ndio tunakisoma vibaya. Nchini Marekani, ambako pikapu nyingi za haibridi zinauzwa, vipimo vinasimamiwa na EPA, shirika la serikali la mazingira, na gari hupimwa likiwa juu ya rola ndani ya maabara. Kipimo cha mjini kina wastani wa kilomita 34 kwa saa. Kile cha msingi cha barabara kuu kina wastani wa kilomita 78 kwa saa, na spidi yake ya juu kabisa ni 97. Kuanzia magari ya mwaka 2008 hesabu hiyo husahihishwa kwa vipimo vikali zaidi, kimoja kikifika spidi 129, kingine kikiwasha kiyoyozi kwenye joto la nyuzi 35, kingine kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Ni kazi ya maana. Lakini mwisho wa yote wanachanganya mji asilimia 55 na barabara kuu asilimia 45 na kupata namba moja kubwa inayokaa katikati ya kibandiko. Anayeishi barabara kuu siku tano kwa wiki hana analoweza kufanya na namba hiyo.

Bora atazame zile mbili ndogo za pembeni, na hasa tofauti kati yao. Nichukue pikapu tatu zinazojulikana. Ford Maverick ya haibridi ya mwaka 2022, yenye injini ya lita 2.5 na inayovuta kwa magurudumu ya mbele, ilipewa maili 42 kwa galoni mjini na 33 barabara kuu. Kwa lugha yetu hiyo ni kilomita 17.9 na 14.0 kwa lita. Ford F-150 PowerBoost ya magurudumu yote manne, V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, ilipewa 24 mjini na 24 nje: kilomita 10.2 kila mahali. Toyota Tundra i-Force Max ya magurudumu mawili ilipewa 20 mjini na 24 barabara kuu, yaani 8.5 na 10.2.

Zisome kwa mpangilio huo. Kwenye ya kwanza mji unaishinda barabara kuu kwa mbali. Ya pili zinalingana. Ya tatu barabara kuu inashinda, sawa kabisa na gari la petroli la siku zote. Zote tatu ni haibridi, ila umeme umepewa kazi tofauti. Maverick ina nguvu za farasi 191, na injini yake inatumia mzunguko wa Atkinson: vali ya kuingiza hewa huchelewa kufunga, injini inabana hewa kidogo na kuiacha itanuke zaidi, inakula mafuta kidogo lakini inakuwa legevu kwenye mizunguko ya chini, na mota ndiyo inayoziba ule ulegevu. Tundra ina nguvu za farasi 437. Pale mota imewekwa kwanza kabisa kwa ajili ya msukumo, kukokota na kuondoka kwa kishindo. Sioni kosa katika hilo, mradi mnunuzi aambiwe. Aliyesikia neno haibridi akatarajia kubana, kisha akaondoka na gari lililoundwa kwa nguvu, atalia kwenye pampu na hatajua amlaumu nani.

Na kuna haibridi nyingine ambayo neno lenyewe linaipendelea mno. Toyota Hilux ya dizeli yenye mfumo wa volti 48 ina mota ya kilowati 12 inayofungwa kwa mkanda kwenye injini. Inasaidia kuondoka na kufanya injini izime na kuwaka kwa ulaini, lakini haiwezi kuiendesha pikapu peke yake kama haibridi kamili. Muuzaji akikwambia haibridi, muulize: inaweza kutembea injini ikiwa imezimika? Jibu la swali hilo moja litakuambia mengi kuhusu foleni zako.

Hata hivyo sipendi watu wanavyozibeza haibridi kubwa kwa kuwa "zimeongeza kilomita mbili tu". Hapa kipimo chetu cha kilomita kwa lita ndicho kinachotudanganya. Pikapu kubwa ikitoka kilomita 8 kwa lita kufika 10, katika kila kilomita 100 imeokoa lita 2.5. Gari dogo likitoka 16 kufika 20, ambazo ni kilomita nne na zinasikika tamu zaidi, limeokoa lita 1.25. Nusu yake. Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke waliandika juu ya mtego huu katika jarida la Science mwaka 2008, wakionyesha kwamba akili ya mtu hukosea kila inapopewa umbali kwa galoni badala ya mafuta kwa umbali. Tangu nielewe hivyo, nimeongeza safu kwenye daftari: lita kwa kilomita 100. Mistari yangu miwili inakuwa 6.3 na 8.6, na sasa naona kile ambacho barabara kuu, spidi na kabati vilinila kwa kila kilomita 100: lita 2.3.

Milima nayo ina hesabu yake. Betri ya Maverick ina uwezo wa uniti 1.1. Pikapu ya kilo 1,700 ikishuka mita 237 kwenda chini, nishati ya mteremko huo pekee inatosha kuijaza betri ya namna hiyo kutoka sifuri hadi juu. Hapo sijatoa kinachopotelea kwenye hewa na tairi, lakini pia gari haliruhusu betri iishe kabisa wala ijae kabisa, kwa hiyo nafasi halisi ni ndogo kuliko hiyo. Maana yake mteremko mrefu hujaza betri mapema, na kuanzia hapo nishati ya kila mita unayoshuka inapotea bure. Nimejifunza kulisikiliza gari langu: nikiwa kwenye mteremko nikasikia injini inanguruma bila kuchoma mafuta, inashikilia tu mwendo, najua betri imeshiba. Kwa hiyo nikijua mteremko unakuja, naupanda mlima unaoutangulia nikitumia umeme kadiri ninavyoweza, nifike kileleni betri ikiwa na njaa.

Baridi ndiyo inayowashangaza wengi. Tovuti ya serikali ya Marekani inayotoa taarifa za ulaji wa mafuta inasema kwamba kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, ukilinganisha na nyuzi 25, gari la kawaida la petroli hupoteza takriban asilimia 15 mjini, ilhali haibridi hupoteza asilimia 30 hadi 34. Injini inalazimika kuwaka ili ijipashe joto yenyewe na iwapashe abiria, hata pale ambapo umeme ungetosha, na betri iliyopoa haipokei chaji kwa haraka. Safari fupi za dakika tano tano ndizo zinazoumia zaidi. Tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, zitakunyang'anya kilomita zako pia, kwa mzunguko mzito na kelele.

Kompyuta ya dashibodi iangalie kwa ajili ya kujifunza mguu wako, usiichukue kuwa hesabu. Kwenye ule mstari wa 15.8, yangu ilikuwa inaonyesha 16.8.

Kinachoniuma ni kwamba kibandiko cha pikapu hakina mstari wa mzigo. Watu wananunua pikapu ili ibebe na ikokote, lakini namba za EPA hazina kipimo cha kuvuta tela. Ningefurahi kuona namba mbili zaidi: ulaji kwenye spidi 120 isiyobadilika, na ulaji ukiwa na tela lenye kimo cha gari lenyewe. Ingekuwa namba mbaya, najua, na ingewauma wauzaji. Lakini ndiyo namba ambayo mwenye pikapu anaiishi.

Nikamuuliza mpwa wangu kazi yake halisi ni nini. Tela la mashine, barabara kuu, siku tano kwa wiki, mchana kutwa kwenye spidi moja. Nikamwambia anunue dizeli. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, injini yake inapenda mzigo usiobadilika, na katika safari kama hizo haibridi itabeba uzito wa betri na mota bila kupata breki za kuzilisha. Akasikitika. "Yaani mjomba hata gari lako mwenyewe hulitetei?" Ninalitetea kila asubuhi kwenye foleni, nikamwambia, ambako yeye hapiti.

Alinunua dizeli. Wiki ya tatu akanitumia picha ya ukurasa wa daftari lake, mistari minne, mwandiko wa mtu aliyeandikia gotini. Kilomita, lita, spidi, mzigo. Mwishoni ameongeza safu ambayo mimi sikuwahi kuifikiria: upepo, wa mbele au wa nyuma. Jioni ile ile nilichukua rula nikaichora kwenye daftari langu.