Si Kila Pengo Hudai Jino

Gego la nyuma likishang'olewa, ufizi hufunga ndani ya wiki chache, maumivu huisha na mwenye taya husahau. Shavu limefunika kila kitu. Daktari wa meno atamwambia alizibe pengo hilo mapema kabla halijamletea matatizo mengine. Yeye atajibu kwamba anakula, analala, haumwi popote, sasa azibe kwa ajili ya nani?

Daktari ana hoja nzito. Meno hukaa mahali pake kwa kuegemeana na kugongana. Likitoka moja, jirani wa nyuma huweza kuanza kulalia pengo, na lile la taya ya pili, likikosa wa kugongana naye, huchomoza taratibu kufuata nafasi iliyobaki wazi. Chakula hunasa kwenye pembe ambazo hazikuwapo, mswaki haufiki, na jino lililokuwa zima linaanza kuoza. Haya huchukua miezi na miaka, tena hayampati kila mtu kwa kiasi kilekile. Wapo waliokaa na pengo miaka mingi na meno jirani hayajasogea kwa kiasi cha kusumbua.

Halafu kuna mfupa. Sehemu ya taya inayoshika mizizi ipo kwa sababu ya mizizi hiyo. Jino likiondoka, nayo husinyaa, na sehemu kubwa ya upungufu hutokea ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa kibogoyo kamili, matokeo yake yanaonekana usoni: midomo huingia ndani na kidevu husogelea pua.

Ila hoja hii ya mfupa huwa inatumika kutetea kila aina ya jino bandia, na hapo ndipo mimi ninapoikataa. Meno ya kuvaa na kuvua hukaa juu ya ufizi na hayana mzizi. Mfupa ulio chini yake huendelea kuisha, ndiyo maana seti iliyokaa barabara leo hucheza mdomoni miaka kadhaa baadaye. Daraja nalo, yaani jino bandia lisilovuliwa linalovuka pengo, hushikiliwa na meno ya pembeni, na chini ya jino lake la katikati mfupa haupati kazi yoyote. Kinachokaribia mzizi ni kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayoshikamana na mfupa wenyewe. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua mshikamano huo katika miaka ya 1950 akichunguza mifupa ya sungura, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza. Kwa hiyo anayeambiwa azibe pengo ili kuokoa mfupa aulize kwanza anazibiwa kwa kitu gani.

Upande wa pili nao una wataalamu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mholanzi Arnd Käyser alitetea wazo la safu fupi ya meno: mtu aliyebaki na meno ya mbele na magego madogo, kama 20 hivi kati ya 32, kwa kawaida hutafuna vya kutosha bila kuongezewa kitu nyuma. Japani ilipoanzisha kampeni yake ya 8020 mwaka 1989, lengo lilikuwa mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20. Magego ya mwisho kabisa yanaweza kukosekana na maisha yakaenda.

Na kuziba kuna gharama mdomoni, achilia mbali ya mfukoni. Daraja la kawaida hudai meno ya pembeni yachongwe, na tabaka gumu la nje likishachongwa haliotei tena. Kama meno hayo yalikuwa mazima, umeumiza walio hai kwa ajili ya aliyekwenda. Kipandikizi hakiozi, lakini ufizi na mfupa unaokizunguka huugua, hasa kwa mvutaji sigara, kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na kwa yule ambaye ugonjwa wa fizi ndio uliomng'oa meno tangu mwanzo. Meno ya kuvua yakilaliwa usiku hufuga fangasi. Utafiti uliofanywa Japani kwa wazee wa miaka 85 na zaidi uliona nimonia mara mbili zaidi kwa waliolala nayo.

Madai kwamba mapengo huleta maradhi ya moyo au kupoteza kumbukumbu nayapokea kwa tahadhari. Uhusiano upo kwenye takwimu, lakini sigara, kisukari na umaskini hung'oa meno na huharibu moyo pia. Hata lishe haijirekebishi yenyewe: aliyezoea vyakula laini mara nyingi huendelea navyo baada ya kupata meno bandia, mpaka apate mtu wa kumwelekeza.

Ninapomuunga mkono daktari bila kusita ni kwenye jambo ambalo wengi huliita urembo tu. Mtu asiye na meno ya mbele huona taabu na f, v, th na dh, kwa hiyo fedha, dhahabu na thamani zote humtoka kwa upepo. Hucheka kiganja kikiwa mdomoni. Huanza kukwepa kula mbele za watu, kisha hukwepa watu wenyewe. Jino moja la mbele lina uzito kuliko magego mawili ya nyuma, na hesabu ya meno 20 haiwezi kulionyesha hilo.

Kwa asiye na jino hata moja mjadala wote huu haupo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa karibu asilimia 23 ya watu wenye miaka 60 na zaidi wako hivyo. Hapo swali ni namna tu, na seti ya chini ndiyo inayosumbua zaidi kwa sababu ulimi huisukuma kutwa. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Canada, mwaka 2002 walipendekeza ishikwe na vipandikizi viwili.

Mwenye pengo moja la nyuma anaweza kusubiri, mradi kila anapokwenda kukaguliwa meno jirani yapimwe kama yameinama. Akishatambua kwamba kipandikizi ndicho anachokitaka, kuchelewa kunamgharimu: mfupa ukishakuwa mwembamba, huenda ukahitaji kuongezewa kwanza, na hiyo ni operesheni nyingine na miezi mingine ya kupona.