Ballmer aliruka jukwaani, mrithi wake Nadella kanyamaza: hasira zetu kwa Microsoft zilimlenga nani?

Wengi mnaikumbuka ile video. Bonge la mtu, kipara kinang'aa, anaingia jukwaani mbio huku anaruka na kupiga makelele mpaka pumzi zinamuishia, halafu anahema hema na kutangaza kwamba anaipenda hii kampuni. Huyo ni Steve Ballmer mwaka 2000, Microsoft ilipotimiza miaka 25, na Januari ya mwaka huohuo ndo alikuwa kakabidhiwa ukurugenzi na Bill Gates. Kuna nyingine ya kipindi hicho, shati la bluu limelowa jasho kwapani mpaka kifuani, anapiga makofi na kurudia neno moja tu, watengeneza programu, watengeneza programu, watengeneza programu.

Watu wa kompyuta walimcheka sana na wengi walimchukia kabisa, na kabla yake walishamchukia Gates. Februari 1998 pale Brussels Gates alipigwa keki ya krimu usoni, na mwaka mmoja nyuma sura yake ilipotokea kwenye skrini kubwa kwenye mkutano wa wapenzi wa Apple Boston, kutangaza kwamba Microsoft inaweka dola milioni 150 Apple, ukumbi ulizomea. Waliozomea walikuwa wanaona mtu anakuja kuiokoa kampuni yao wanayoipenda na bado wanazomea, ujue chuki ilifika wapi.

Sasa mi naona chuki ile ilikuwa na sababu za kweli kabisa ila ililenga sehemu siyo, ililenga sura. Kilichowapa nguvu wale jamaa kilikuwa ni mikataba, makelele hayakuwa na kazi hapo. Miaka ya mwanzo ya tisini watengenezaji wengi wa kompyuta walikuwa wanailipa Microsoft kwa kila mashine wanayoiuza, iwe imewekwa programu ya Microsoft au haijawekwa, mpaka serikali ya Marekani ikawabana mwaka 1994 waache. Ukiwa mtengenezaji na umeshalipia, utaweka ya mwingine ya nini? Kisha ikaja kivinjari, yaani programu ya kufungulia mtandao, Internet Explorer yao ikagandishwa ndani ya Windows na mshindani wao Netscape akakosa hewa, wakati Windows iko kwenye zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta za watu. Hapo ndo penye ubaya, na hapana jasho wala kuruka ruka.

Hata jaji mwenyewe alinaswa na sura. Kesi ya serikali ya Marekani kuhusu ukiritimba wa Microsoft ilifunguliwa Mei 1998, Gates akahojiwa kwa video, akawa anabishania maana ya maneno ya kawaida kabisa ambayo mtoto wa shule anayajua, video zikachezwa mahakamani na jaji Thomas Penfield Jackson akaonekana anacheka. Juni 2000 akaamuru kampuni ikatwe vipande viwili. Lakini kumbe pembeni alikuwa anaongea na waandishi wa habari, amemfananisha Gates na Napoleon, basi mahakama ya rufaa mwaka 2001 ikaitupa ile amri na jaji akatolewa kwenye kesi, japo majaji haohao walikubali kwamba Microsoft iliutumia ukiritimba wake kinyume cha sheria. Hiyo inaniuma mpaka leo, kosa lilikuwa limethibitishwa halafu adhabu ikayeyuka, kwa sehemu sababu mtu alishindwa kujizuia kumsema Gates kama mtu.

Tugeuze upande wa pili maana haki ni haki. Ballmer anasemwa kwamba aliharibu, na ni kweli mwaka 2007 aliicheka iPhone hadharani kwa bei yake na kwa kukosa kibodi, na mwaka 2001 aliiita Linux, mfumo huria wa bure unaoshindana na Windows, kansa, na biashara ya simu za Nokia ilikula kwao zaidi ya dola bilioni 7. Ila mtu huyohuyo aliikuta kampuni inaingiza dola bilioni 23 kwa mwaka akaiacha karibu na bilioni 78, Azure, ile huduma ya kukodisha kompyuta mtandaoni, na Office 365 zilizoanza kuuzwa enzi zake ndo zinawalisha leo. Alipotangaza tu kwamba anaondoka, Agosti 2013, hisa zikaruka siku hiyohiyo, soko lilishamchoka na lilikuwa halisomi tena mahesabu yake.

Na huku kwetu tuseme ukweli, mfumo mmoja kila mahali umelisha watu. Dada wa steshenari karibu na chuo, mashine moja ya zamani, printa inayokwamisha karatasi, anakuchapia barua ya maombi ya kazi huku anaongea na wateja watatu, hakusoma kompyuta chuo, alijifunza Word na Excel kituoni miezi mitatu na ujuzi uleule angeupeleka Mwanza au Mombasa ungefanya kazi. Windows yenyewe wengi tumepigiwa na fundi kwa hela ndogo tu, leseni hatujawahi kuiona. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu huria ya bure na ya Kiswahili, kazi nzuri ya watu wetu, na maofisini haikushika. Mi mwenyewe niliwahi kuandika ripoti kwa programu huria nikaipeleka ofisi moja, wakaifungua kwao majedwali yamehama, yule afisa hakusoma hata mstari, kanirudishia flashi akasema leta ya Word. Faili ndo linalotufunga, wala siyo Gates.

Sasa yupo Satya Nadella tangu Februari 2014, mtu mpole, anaongea taratibu, kasema Microsoft inaipenda Linux, na mwaka 2018 wakainunua GitHub kwa dola bilioni 7.5, yaani tovuti ambapo hao hao watengeneza programu waliokuwa wanawachukia wanaweka kazi zao. Hakuna aliyerusha keki. Lakini utegemezi umepungua? Mi naona umeongezeka, siku hizi hata Word inauzwa kwa malipo ya kila mwezi, na Oktoba 14, 2025 Windows 10 iliishiwa matunzo ya kawaida huku mashine kibao zinazofanya kazi vizuri tu hazipokei Windows 11. Kwa nchi inayoishi na kompyuta za mitumba hilo ni pigo kubwa kuliko kelele zote za Ballmer, na limekuja kwa tangazo la upole kabisa.

Wiki iliyopita nimempelekea fundi mashine yangu, kaikagua kaniambia chipu hairuhusu 11, anipigie 10 hiyohiyo au aniwekee Linux? Nikamwambia Linux. Nimefika kituo cha daladala nikampigia simu, aniachie na Windows pembeni, kwa ajili ya zile Word za maofisini.