Usiishike fremu

Kuna ujumbe mmoja nimeuhifadhi tangu siku nilipoupokea. Aliyeuandika alikuwa ametumia plugini (programu ndogo ya nyongeza) niliyoiandikia OBS Studio, programu ya kurekodi video kwenye kompyuta. Plugini hiyo huchora saa na tarehe juu ya picha, na yeye aliitumia kumrekodi babu yake akisimulia habari za ukoo wao. Mazungumzo ya saa moja na nusu. Aliandika kwa upole kabisa: "Kaka, ahsante kwa kazi yako. Ila picha inakwamakwama. Pale babu anapoonyesha kwa vidole jinsi walivyofuatana kuzaliwa, picha inasimama, halafu inaruka. Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Nilikosea mimi, na kosa lenyewe lilikuwa la mistari mitatu ya msimbo. Kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zinazounda video, ilipopita, plugini yangu ilichora saa, kisha ikaandika mstari mmoja kwenye logi, faili la kuorodhesha matukio, ili baadaye mtu aweze kulinganisha video na matukio mengine. Kwa kuogopa mistari hiyo isipotee umeme ukikatika, nilikuwa nimeuamuru mfumo uusukume kila mstari hadi kwenye diski yenyewe, ndipo kazi iendelee. Kwenye kompyuta yangu yenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, sikuona tofauti yoyote. Yeye alikuwa anarekodi kwenye diski ya nje, ya zile zinazozunguka, na logi yangu ilienda kwenye diski hiyohiyo iliyokuwa inapokea video. Kwa hiyo mstari wangu ulipanga foleni nyuma ya video, na fremu iliyofuata ikabaki inausubiri mstari wangu.

Tangu hapo nina msimamo mmoja kuhusu programu-jalizi za kurekodi video, na sioni aibu kuurudia: kazi ya kwanza ya plugini ni kutoizuia rekodi isiendelee. Uzuri wake, menyu zake, idadi ya vitu inavyoweza kufanya, vyote vinakuja baada ya hapo. Plugini ya kuhariri picha ikikwama, mtu anafungua tena na kujaribu upya. Plugini ya kurekodi ikikwama, kile kilichokuwa mbele ya kamera kimeshapita. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Tuangalie muda tulionao. Video ya fremu 30 kwa sekunde inakupa milisekunde 33 kwa kila fremu. Ya fremu 60 inakupa 16 na ushei. Na muda huo si wako peke yako: ndani yake OBS inachora vyanzo vyote vya onyesho, inapitisha vichujio vyote, kisha inaikabidhi picha kwa enkoda, sehemu inayoibana iwe faili la video. Ukiandika kichujio au chanzo, ile funksheni yako ya video_render inaitwa kwenye uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) uleule unaochora kila kitu. Ukilala humo milisekunde 40, hujajichelewesha wewe tu. Umelichelewesha onyesho zima, pamoja na plugini za watu wengine ambao hawajakukosea lolote.

Ukubwa wa picha nao usiuchukulie poa. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye baiti nne kwa kila pikseli ni baiti 8,294,400. Kwa fremu 60, hizo ni karibu megabaiti 500 kila sekunde. Kila mara unapoamua "nitainakili kidogo tu pembeni niichunguze," ndicho kiasi unachobeba. Nimesoma misimbo ya plugini zinazonakili fremu nzima mara tatu kabla ya kufanya chochote, na waandishi wake wakishangaa kwa nini feni ya kompyuta inapiga kelele.

Wapo waliolielewa jambo hili mapema kuliko wengi wetu. VDR, programu ya kurekodi televisheni ya dijitali kwenye Linux iliyoanzishwa na Klaus Schmidinger mwaka 2000, ina mfumo wa plugini ninaowashauri wote wanaoanza wausome, hata kama hawatawahi kugusa kadi ya televisheni. Humo plugini inayotaka kupokea matangazo inapewa pakiti za baiti 188, moja baada ya nyingine, kupitia funksheni iitwayo Receive. Maelezo yaliyoandikwa kwenye msimbo wenyewe hayana mapambo: pakiti ipokelewe papo hapo, funksheni irudi haraka iwezekanavyo, na kila pakiti italetwa mara moja tu, kwa hiyo kama huwezi kuishughulikia sasa hivi ni juu yako kuiweka akiba.

Mara moja tu. Laiti ningeliyasoma maneno hayo kabla ya kuandika plugini yangu ya kwanza. Yanakueleza mahali unapoingia: kwenye mto unaotiririka, ambao hautakurudishia tone ulilolikosa.

Dawa yake inajulikana na si ngumu. Kazi nzito ihamishie kwenye uzi mwingine. Ule uzi wa fremu uache kitu kidogo kwenye foleni na uondoke. Uzi wako wa pembeni uichukue kazi hiyo kwa wakati wake, uandike kwenye diski, upige simu kwenye mtandao, ufanye hesabu zake. Lakini hapa ndipo wengi wanaposimama na kudhani wamemaliza, na hapa ndipo palipo na uamuzi wenyewe: foleni ikijaa, utafanya nini? Diski ikiwa nzito au mtandao ukikatika, itajaa tu. Wengine huiacha ikue bila kikomo mpaka kumbukumbu ya kompyuta iishe na kila kitu kianguke. Wengine huuambia uzi wa fremu usubiri mpaka nafasi ipatikane, na hapo wamerudi palepale walipokuwa.

Jibu langu ni hili: ukilazimika kupoteza kitu, poteza cha kwako. Logi yangu ikikosa mistari kumi, hakuna atakayelia. Sasa foleni yangu ina nafasi 256. Ikijaa, mstari mpya unatupwa na hesabu ya mistari iliyotupwa inaongezwa, na mwishoni logi inasema wazi ni mistari mingapi haikuandikwa. Fremu haiguswi. Huu si ufundi mkubwa. Ni kukubali kwamba mtu aliyebonyeza kitufe cha kurekodi alitaka rekodi, na saa yangu juu ya picha ni nyongeza.

Kwenye sauti ubane zaidi. OBS inachakata sauti kwa mafungu ya sampuli 1024, ambayo kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 21. Jicho linaweza kusamehe fremu moja iliyorudiwa. Sikio halisamehi mwanya, linausikia kama mkwaruzo. Kama kichujio chako cha sauti kinaomba kumbukumbu mpya kila kinapoitwa, au kinashika kufuli (kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati) ambalo dirisha la mipangilio nalo linalishika, siku moja mtumiaji atafungua mipangilio katikati ya mahojiano na sauti itakatika. Tenga kumbukumbu mwanzoni, uitumie ileile.

Sasa kuhusu kuanguka, maana kukwama ni afadhali. Plugini za OBS na za VDR zinapakiwa ndani ya programu yenyewe. Hazina chumba chao. Kielekezi kimoja kinachoelekea mahali kwenye kumbukumbu palipokwisha kuachwa, na programu nzima inazimika, rekodi ikiwemo. Kama mtumiaji alikuwa anarekodi kwa MP4 ya kawaida, mambo ni mabaya zaidi: jedwali linaloeleza fremu ziko wapi ndani ya faili huandikwa mwishoni, rekodi inapofungwa. Programu ikianguka dakika ya 89, faili la megabaiti mamia linabaki halifunguki. MKV, aina nyingine ya faili la video, hustahimili: kilichoandikwa kabla ya ajali kinabaki kinachezeka. Ndiyo maana kwenye ukurasa wa plugini yangu, kabla hata ya maelezo ya jinsi ya kuiweka, nimeandika: rekodi kwa MKV, kisha ubadilishe baadaye. Mwandishi wa plugini asiyewaambia watumiaji wake jambo hili anawachezea kamari bila wao kujua.

Na ajali nyingi nilizozifuatilia hazitokei katikati ya kazi bali wakati wa kufunga. Plugini inaambiwa ijiondoe, inaachia kumbukumbu yake, na ule uzi wa pembeni bado unaishi na unaisoma. Mpangilio ni mmoja tu: uambie uzi uache, usubiri mpaka uishe kweli, ndipo uachie kumbukumbu. Ukigeuza, utaishi na hitilafu inayotokea kwa mtu mmoja kati ya wengi na isiyotokea kwako hata mara moja.

Kwa sababu hiyo hiyo, siku hizi mtu akiniletea wazo la plugini, swali langu la kwanza ni kama lazima liwe plugini. Mara nyingi si lazima. Unataka kitufe cha kuanzisha rekodi kutoka kwenye simu? Unataka onyesho libadilike saa fulani ikifika? Unataka taarifa rekodi ikikamilika? OBS tangu toleo la 28 imekuja na obs-websocket ndani yake, sehemu inayopokea amri kutoka programu nyingine, inasikiliza kwenye mlango wa mtandao namba 4455, na programu yako inaweza kukaa nje kabisa na kutoa amri. VDR nayo ina SVDRP kwenye mlango 6419, itifaki ya maandishi matupu unayoweza kuijaribu kwa mkono. Programu ya nje ikianguka, inaanguka peke yake. Ndani ingia pale tu unapohitaji kuigusa picha au sauti yenyewe. Hati za OBS, programu fupi zinazoandikwa kwa lugha za Lua na Python, zisikudanganye hapa. Ni rahisi kuandika, lakini zinaendeshwa humohumo ndani.

Jambo jingine linaloniuma ni plugini zinazoachwa yatima. OBS 28 ilipotoka mwaka 2022 ilihamia Qt 6, toleo jipya la maktaba ya kuchora madirisha, na plugini nyingi zilizokuwa na madirisha ya Qt 5 zilihitaji kujengwa upya. Zile ambazo waandishi wake walikuwepo zilirudi. Nyingine hazikurudi, na watu waliokuwa wamepanga kazi zao juu yake wakabaki wameng'ang'ania toleo la zamani. Simlaumu mtu kwa kuchoka. Kazi hii wengi wetu tunaifanya usiku, bila malipo. Ninachoomba ni kwamba msimbo uwe wazi, maelezo ya kuujenga yawe yanafanya kazi, na ukiondoka useme umeondoka, ili mwingine aichukue. OBS na VDR zote ziko chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuubadilisha msimbo na kuusambaza. Njia ya kurithishana ipo tayari.

VDR hapa pia ina tabia ninayoipenda. Jina la faili la plugini hubeba namba ya toleo la API (kanuni za plugini kuzungumza na programu), na kama namba haioani na ya programu, plugini haipakiwi kabisa. Kuna wanaolalamika kwamba huo ni ukali. Mimi naona ni huruma. Heri plugini inayokataa kuwaka saa mbili asubuhi kuliko inayokubali kuwaka kisha ikuangushe saa nne, katikati ya kitu usichoweza kukirudia.

Kuhusu kupima, nitasema jambo moja tu kwa sababu ndilo linalorukwa zaidi. Dakika kumi hazitoshi. Plugini inayovujisha kilobaiti 4 kwa kila fremu, kwa fremu 30, inapoteza kama megabaiti 74 ndani ya dakika hizo kumi, na hutaona kitu. Kwa saa moja ni megabaiti 442. Kwa siku nzima ya mkutano ni kompyuta iliyoganda. Iache irekodi usiku. Rekodi kwenye diski mbovu uliyo nayo, siyo ile nzuri. Chomoa kamera rekodi ikiendelea, uirudishe. Fungua dirisha la takwimu uangalie hesabu ya fremu zilizokosekana kwa kuchelewa kuchora, halafu funga OBS na usome mwisho wa logi yake, pale inapotaja idadi ya uvujaji wa kumbukumbu. Iwe sifuri.

Yule bwana nilimwandikia siku ileile nikamweleza kosa ni langu, na lilivyotokea. Uzi wa sauti ulikuwa haukuguswa, kwa hiyo maneno ya babu yalibaki mazima, yote. Aliniambia alikaa na mdogo wake wakasikiliza tangu mwanzo na kuandika majina kwenye daftari, na pale picha iliposimama wakamrudia babu kumuuliza ni nani alimfuata nani. Nilimtumia toleo jipya baada ya wiki mbili. Leo usiku toleo linalofuata linarekodi kwenye diski ya nje iliyo mezani hapa, ya zile zinazozunguka, saa ya nne sasa, na hesabu ya fremu zilizokosekana bado ni 0.