Kanada: mamlaka juu ya mtoto yamepatikana, fedha je?

Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watoto wa wenyeji wa asili walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wa chini ya miaka 15, lakini miongoni mwa waliokuwa wakilelewa katika familia za malezi ya muda, baada ya kuondolewa kwa wazazi wao, walifikia asilimia 53.8. Kwa hali hiyo, haishangazi kwamba mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria inayozitambulia jamii hizo haki ya kujitungia sheria za ulinzi wa watoto wao, na kuzipa nguvu sheria hizo kuliko za majimbo pale zinapogongana.

Serikali ya jimbo la Québec ilikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Hoja yake kwamba serikali kuu haiwezi, kwa sheria ya kawaida, kuunda ngazi ya tatu ya serikali haikuwa ya kupuuzwa, ingawa Februari 2024 Mahakama ya Juu iliikataa kwa kauli moja. Mimi naona kwamba ugumu ulio mkubwa zaidi ni wa kiutendaji: katika jamii ya watu mia chache, afisa anayepaswa kuamua mtoto aondolewe nyumbani huenda akawa shangazi wa mtuhumiwa. Hata hivyo, majimbo yalipewa miongo mingi ya kuthibitisha kwamba mgeni huamua vyema zaidi, na takwimu za sensa ndizo jibu lao. Isitoshe, sheria ya jamii haitumiki ikikiuka maslahi bora ya mtoto, na umaskini pekee hauwezi tena kuwa sababu ya kumchukua kwa wazazi wake.

Tatizo liko kwenye fedha. Jordan River Anderson, mtoto wa jamii ya Norway House Cree huko Manitoba, alifariki hospitalini mwaka 2005 akiwa na miaka mitano, baada ya serikali kuu na ya jimbo kubishana kwa zaidi ya miaka miwili ni nani alipie huduma zake nyumbani. Pamoja na funzo hilo, sheria ya 2019 imeyaacha masuala ya fedha kwenye majadiliano ya mikataba; na majadiliano yakishindikana kwa mwaka mmoja licha ya juhudi za dhati, sheria ya jamii huanza kutumika hata kama hakuna makubaliano yoyote juu ya nani atawalipa mishahara maafisa wake.