Arrane, Amhrán, Òran: Kwa Nini Kisiwa cha Man Kiendelee Kupeleka Wimbo Wake

Wimbo kwa Kimanx, lugha ya Kisiwa cha Man kilichopo baharini kati ya Ayalandi na Uingereza, ni arrane. Kwa Kiayalandi ni amhrán, na kwa Kigaeli cha Uskoti ni òran. Ukihamia tumbo la pili la ukoo huo utasikia cân kwa Wawelisi, na kan kwa watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na wa Bretagne, Ufaransa. Ni kama Mswahili anayemsikia Mganda akisema oluyimba na Mkikuyu akisema rwĩmbo, akajua papo hapo kwamba hawa ni jamaa, bila kuhitaji mtu wa kumsomea nasaba.

Ukoo huo wa Wakelti una mahali pake pa kukutana. Tamasha la Pan Celtic lilianzia mji wa Killarney, Ayalandi, mwaka 1971, na tangu hapo limehamahama ndani ya Ayalandi, miji kama Tralee, Letterkenny na Carlow. Hufanyika majira ya Pasaka. Kuna ngoma, kwaya na magwaride, lakini mimi huvutwa na kitu kimoja tu, shindano la wimbo mpya. Kila taifa kati ya sita hupeleka wimbo wake. Maneno yawe mapya, muziki uwe mpya, na lugha iwe ya Kikelti. Kiingereza hakipandi jukwaani, na Kifaransa vilevile.

Kila taifa lina namna yake ya kumpata mwakilishi. Welisi wana Cân i Gymru, Cornwall wana Kan rag Kernow, na Kisiwa cha Man kina Arrane son Mannin. Majina yote matatu maana yake ni ileile: wimbo kwa ajili ya nchi yetu. Sasa angalia ukubwa wa wanaokutana. Welisi ina watu milioni tatu na zaidi, na ina kituo cha televisheni cha lugha yake, S4C, kinachorusha shindano la kitaifa moja kwa moja. Kisiwa cha Man ni kidogo kuliko Pemba. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 84,000 na ushei, na waliosema wanajua Kimanx kwa kiasi fulani, ama kukizungumza, ama kukisoma, ama kukiandika, walikuwa 2,223. Kati ya watu hao ndipo atoke mtunzi, atoke mwimbaji, watoke wapiga ala, watoke na wa kuketi kusikiliza. Na inawapasa wapatikane upya kila mwaka.

Nimewahi kuambiwa kwamba huo ni ubishi wa watu wachache wasiokubali yaliyokwisha. Lugha ilishakufa, aliniambia rafiki yangu mmoja, sasa wanaivisha nguo na kuipandisha jukwaani. Nilikasirika, na bado sijakubaliana naye.

Kufa kwa Kimanx kuna tarehe ambayo watu huitaja, tarehe 27 Desemba 1974. Siku hiyo alifariki mzee Ned Maddrell, mvuvi aliyezaliwa mwaka 1877 na kulelewa kijiji cha Cregneash, kusini mwa kisiwa, na bibi mmoja wa ukoo wake asiyejua lugha nyingine. Ndiye aliyehesabiwa kuwa wa mwisho aliyeipata lugha hiyo nyumbani tangu utotoni. Sensa ya mwaka 1901 ilikuwa imewakuta wasemaji 4,419. Ya mwaka 1961 iliwakuta 165. Si vita wala tauni iliyowamaliza. Wazazi walinyamaza tu mbele ya watoto wao. Kisiwani kulikuwa na msemo kwamba kwa Kimanx hupati hata peni, na mzazi gani anataka kumrithisha mwanawe kitu kisichompa hata peni? Siwalaumu wazazi hao. Lakini msemo ule naulaumu, kwa sababu nimeusikia kwa lugha nyingi za kwetu, senti ikikaa mahali pa peni.

Ona basi: tamasha la Killarney lilipofunguliwa mwaka 1971, mzee Maddrell alikuwa bado hai, ana miaka zaidi ya tisini. Lugha yake haikupitiwa na hata siku moja isiyo na msemaji. Vijana walikuwa wakienda kwa wazee wale wa mwisho kujifunza, wanaandika, wananasa sauti. Mwaka 1947 Éamon de Valera, waziri mkuu wa Ayalandi, alikitembelea kisiwa na kukutana na Maddrell, na mwaka uliofuata Tume ya Ngano za Jadi ya Ayalandi ikavusha bahari gari la kurekodia, ikanasa sauti za wazee waliobaki. Rekodi hizo zipo mpaka leo, na wanaojifunza Kimanx huzisikiliza kupata lafudhi.

Kisha ikaja shule. Mwaka 1992 Kimanx kiliingia shuleni kama somo la hiari, na mwaka 2001 ikafunguliwa Bunscoill Ghaelgagh, shule ya msingi inayofundisha kwa Kimanx, ambayo baadaye ilihamia kijiji cha St John's. Mwaka 2009 UNESCO ilipoandika kwamba Kimanx kimetoweka, watoto wa shule hiyo waliwaandikia barua, kwa Kimanx, wakiuliza: kama lugha yetu imekufa, sisi tunaandika kwa lugha gani? UNESCO ikabadilisha maelezo yake. Ndiyo UNESCO hiihii iliyotupa sisi Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Tunaposherehekea siku yetu, nawakumbuka watoto wale waliolazimika kuandika barua ili wahesabiwe kuwa hai.

Sasa turudi kwenye wimbo. Darasani unafundishwa maneno yaliyopo. Rekodi ya mzee inakupa sauti iliyokwisha kutamkwa. Wimbo mpya ni kazi nyingine kabisa. Mtunzi anakaa na kutafuta kina, na Kimanx si lugha rahisi kwa hilo, maana maneno yake hubadilika kichwani. Kisiwa ni Mannin kikisimama peke yake, lakini sema Kisiwa cha Man, inakuwa Ellan Vannin, M imegeuka V. Sisi tuliozoea mtu kuwa watu na ukuta kuwa kuta hatushtuki sana, ila fikiria umejifunza hayo ukubwani, tena ukiwa na mshororo mkononi unaokataa kuingia kwenye mizani. Hapo ndipo mtu anapogundua kama lugha inambeba au haimbebi. Akikosa neno, hukimbilia kamusi, au humwendea aliyemtangulia kujifunza, au hulisuka neno la zamani likafaa jambo la leo. Na neno lililoimbwa na watu wakalishika haliwezi tena kuitwa la kamusi.

Ndiyo maana naiona ile sharti ya lugha kuwa moyo wa shindano lote. Angalia Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya. Kuanzia mwaka 1999 nchi zimeachiwa ziimbe kwa lugha yoyote, na tangu hapo jukwaa hilo limekuwa likisikika kwa sehemu kubwa Kiingereza. Ayalandi imepeleka wimbo wa Kiayalandi mara moja tu, mwaka 1972, ingawa imeshinda shindano lile mara saba. Ufaransa imewahi kupeleka Kibretoni, mwaka 1996 na tena 2022, na nilishangilia. Lakini hizo zilikuwa hisani za nchi kubwa. Hata Cân i Gymru yenyewe ilianzishwa mwaka 1969 kwa matumaini ya kufika Eurovision, na mlango ukafungwa kwa sababu Uingereza hupeleka wimbo mmoja tu. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa tamasha la Pan Celtic kule Ayalandi. Huko Kisiwa cha Man hakiombi nafasi ya mtu. Kinaitwa kwa jina lake, wimbo wake mmoja dhidi ya wimbo mmoja wa Welisi.

Kwa hiyo yeyote atakayependekeza siku moja kwamba sharti lilegezwe, eti beti moja ya Kiingereza iruhusiwe ili vijana wavutike, naomba akataliwe bila mjadala mrefu. Beti hiyo moja ndiyo itakayoshikwa na redio, na nyingine zitabaki mapambo.

Kushinda? Ni furaha, na ninawaombea. Ila sipendi pale ushiriki wa taifa dogo unapopimwa kwa nafasi liliyoshika. Ninachotamani kwao ni upana. Natamani nisikie Kimanx kikiimba habari za pikipiki, maana kisiwa hicho kimekuwa na mbio za TT tangu mwaka 1907 na dunia nzima inakijua kwa hilo. Nisikie bei ya nyumba, mpenzi asiyejibu ujumbe, mtoto asiyetaka kulala. Lugha iliyozoea kuombolezwa inahitaji nyimbo za mambo madogo.

Na kuna jambo la bahari linalonigusa kila nikilifikiria. Mwaka 1948 gari la Waayalandi lilivuka kwenda kisiwani kuchukua sauti za wazee kabla hazijazimika. Leo ni vijana wa kisiwani wanaovuka bahari ileile kwenda Ayalandi, na walichobeba ni wimbo ambao mwaka jana ulikuwa bado haujatungwa. Muayalandi anayeketi ukumbini anasikia arrane, sikio lake linaita amhrán, na anafuata maana hapa na pale kama mtu anayemfuata jamaa yake gizani kwa sauti.

Mimi ni mtu wa kisiwani pia. Bibi yangu alikuwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, na alisema Kikae, lahaja ya huko, mpaka kufa kwake. Mimi nakielewa, sikisemi. Nikienda kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko, nawasikia wanawake wakiimba na ninashika nusu ya maneno, najiona mgeni kwenye shamba la babu yangu. Wataalamu wamekuja kukirekodi, na kazi hiyo nzuri iendelee. Lakini ni nani ameniomba, au amemwomba kijana yeyote wa Unguja Kusini, atunge wimbo mpya wa Kikae kabla ya Pasaka, au kabla ya Idi? Hakuna. Tuna mashindano ya kila kitu, kuanzia mpira hadi kupika biriani.

Kwa hiyo ninalitaka shindano la namna hiyo kwetu. Kikae, Kitumbatu, lahaja za Pemba, kila moja ilete wimbo wake. Maneno mapya, muziki mpya, na Kiswahili sanifu kikae nje kwa usiku mmoja. Zawadi si lazima iwe kubwa. Nimeshazungumza na shangazi yangu wa Makunduchi, na amekubali kukaa kwenye meza ya majaji.