Pete ya Babu Iliyotoka Bama

Baba alinikabidhi pete ya marehemu babu mwezi Juni, na kabla Julai haijafika katikati ilikuwa imenikwama kidoleni mbele ya sonara, wateja wake wawili na mtoto mmoja aliyekuwa akila ubuyu.

Pete yenyewe ilitengenezwa kwa sarafu. Babu alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza (KAR), mmoja wa wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa alama ya kichwa cha kifaru, ambao mwaka 1944 walipita Bonde la Kabaw huko Bama (Burma, leo Myanmar) katika mvua isiyokatika, wao wakiwafukuza Wajapani na malaria ikiwafukuza wao. Kwa masimulizi ya baba, ambayo nimeyasikia katika kila arusi ya ukoo wetu na katika matanga kadhaa, Desemba ya mwaka huo babu alikuwa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, akingoja wahandisi wamalize daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154. Na kwa kuwa kungoja kunachosha kuliko kupigana, alitoa rupia ya fedha ya India mfukoni akaanza kuigonga ukingoni kwa kijiko.

Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Sarafu husimamishwa wima na kugongwa taratibu huku ikizungushwa, mpaka ukingo wake utanuke na kuwa bapa, kisha katikati hutobolewa na kupigwa tupa. Maandishi yaliyokuwa pembezoni mwa sarafu hujikunja yakabaki upande wa ndani wa pete. Kwa hiyo ushahidi wote, mwaka na jina la mfalme, ulikuwa humo ndani, nami niliuhitaji kwa sababu nilikuwa nimeombwa kuzungumza na wanafunzi wa shule ya mtaani kwetu Siku ya Mashujaa.

Ningempa sonara pete mkononi, jambo hili lingekwisha kwa dakika tano. Lakini nilitaka aione ikiwa imevaliwa, kama babu alivyoivaa, nikasahau kwamba babu alikuwa mwembamba na mimi ni mtu wa chapati.

“Sasa ivue nikusomee,” akasema mzee yule, akivaa lenzi yake jichoni.

Haikuvuka. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya nazi, na mteja mmoja, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, akapendekeza niinue mkono juu mpaka damu ishuke. Nikakaa hivyo robo saa, nikifanana na mwanafunzi ambaye mwalimu amekataa kumwona. Sonara alipochukua msumeno mdogo nikamwambia kwamba hiyo ni historia ya taifa. Akanijibu kwamba kidole changu nacho kinaelekea kuwa historia. Mwishowe alikizungushia uzi kutoka kwenye pete hadi kwenye ukucha, akapenyeza ncha yake chini ya pete na kuanza kuufungua kutoka huko, mzunguko mmoja baada ya mwingine, nami nikitoa sauti ambazo mtoto yule aliacha ubuyu ili azisikilize vizuri. Pete ilichomoka ghafla, ikaruka, ikatua ndani ya kikombe cha kahawa cha mshauri wetu.

Sonara aliikausha, akaipima. Gramu 5 na ushee. Rupia nzima ilikuwa na gramu 11 na zaidi, lakini nilijieleza kwamba tundu la katikati lilikuwa limekula uzito mwingi. Akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tone la tindikali, akatikisa kichwa: fedha haikuwamo hata ya kulambia. Nikasema labda Wahindi walikuwa na shida wakati wa vita. Ndipo akarudisha lenzi jichoni na kusoma herufi moja moja, SEXTVS, kisha REX, kisha EAST AFRICA, na mwisho tarakimu nne ambazo nilimwomba azirudie: 1952.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Hii ilikuwa shilingi yetu wenyewe ya kikoloni, tena ya zile zilizotolewa kuanzia 1948, ambazo hazikutiwa fedha tena na ambazo mfalme wa Uingereza, Joji wa Sita (ndiye huyo SEXTVS REX), baada ya kuikosa India, hakuitwa tena Kaizari wake. Nilijaribu kutafuta njia ambayo babu angeweza kuipata Kalewa miaka minane kabla haijatengenezwa, nikakosa.

Jioni nilikwenda kwa bibi, ambaye amekwisha kuvuka miaka 90 na masikio yake bado yanasikia mpaka yasiyomhusu. Nilimwamkia, nikamweleza kwa uangalifu, nikihofia moyo wake. Alicheka mpaka akashika ubavu.

“Ile ya Bama ilitumbukia chooni mwaka niliomzaa baba yako, mume wangu. Babu yako alikuwa amekwisha kuwasimulia watu wote, angefanyaje? Alikaa nyuma ya nyumba siku nne akigonga nyingine. Alitumia kijiko changu cha arusi, kikapinda. Na hiyo shilingi nilikuwa nimempa akaninunulie sukari.”

“Na baba hajui?”

“Hajui. Nawe usimwambie kabla ya arusi ya Desemba, utamharibia hotuba.” Kisha akaitazama pete mkononi mwangu, na kicheko kikamtoka usoni. “Ila aliyerithi mali karithi na deni. Sukari yangu sijaiona mpaka leo.”

Nilitoka nikaenda dukani, nikarudi na kilo mbili. Aliipokea, akaipima kwa mkono, akaniuliza riba iko wapi.